Nyumba Yenye Dari, Majengo ya Meru



Tulitoka Mombasa watatu, mama yetu na sisi mabinti zake wawili, kwenda kumjulia hali shangazi yetu aliyeolewa Meru. Safari hiyo ilikuwa na shabaha ya pili ambayo hakuna kati yetu aliyeitaja kwa sauti. Katika mkoba wa mama mlikuwa na karatasi aliyopewa na kaka yake, ya kukubali kuuzwa kwa nyumba ya babu iliyoko Mji wa Kale. Dada zake wote walikwisha kutia saini. Shangazi alipopata habari alimwambia mama kwa simu, "Wifi yangu, usitie mkono wako kwanza. Njoo uione yetu."

Kutoka Nairobi barabara hupita Thika, ikateremka hadi mashamba ya mpunga ya Mwea, unakotoka ule mchele wa pishori tunaoupigania sikukuu zikikaribia. Kisha hupanda hadi Embu. Hapo tuliteremka tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Baada ya Embu njia huuzunguka Mlima Kenya kwa upande wa mashariki, ikipita Runyenjes, Chuka na Nkubu. Kila baada ya kilima kuna bonde, na kila bonde lina mto wake, Thuci, Nithi na mingineyo. Kabla ya kuingia Meru mjini tuliuvuka mstari wa Ikweta, lakini tulikuwa tumejifunika mashuka kwa baridi.

Shangazi anakaa Majengo. Jina hili msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Liko Mombasa, liko Pumwani kule Nairobi, liko Embu na liko Meru. Zama za ukoloni, popote walipokita wafanyabiashara, wapagazi na askari Waislamu huko bara, walijenga kwa ramani waliyoijua: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma kwa ajili ya jiko na faragha ya wanawake. Nyumba ya shangazi ni moja katika hizo. Aliijenga baba mkwe wake kabla ya Vita Vikuu vya Pili, naye alikuwa mtu wa pwani aliyeoa binti wa Kimeru aliyesilimu. Kuta zake ni viambaza vya miti na udongo, paa lake mabati, na juu ya vyumba kuna dari ya mbao ambapo zamani yaliwekwa magunia ya mahindi na maharagwe.

Leo dari hiyo ni chumba. Ngazi ya kuegemeza imeondolewa, imewekwa ngazi ya kudumu yenye mshiko. Chini ya mabati wamepigilia mbao, ili mvua isiwakatize watu mazungumzo na baridi ya usiku isiwashukie moja kwa moja. Makombamoyo ya zamani yameachwa yaonekane, yakasafishwa na kupakwa mafuta. Binti yao mdogo hulala na kusomea humo, na alasiri watoto wa mtaa hupanda kwake kudurusu juzuu zao.

Tulimuuliza shangazi kazi ilikuwa ngumu wapi. Alianza na kuta. Fundi wa kwanza alitaka kuzipiga plasta ya saruji, akidai zitadumu. Fundi wa pili, mzee, alikataa. Alieleza kuwa kiambaza hunywa unyevu na kuutoa tena. Ukikifunga kwa saruji, maji hubaki ndani, miti ikaoza, na saruji yenyewe ikabanduka kwa mapande. Basi wakabadilisha nguzo zilizoliwa na mchwa, wakakandika udongo upya, kisha wakapiga chokaa kama zamani.

Ngumu ya pili ilikuwa dirisha. Fundi alitaka kufungua dirisha pana upande wa mashariki, mwanga wa asubuhi ujaze chumba. Shangazi alipanda, akasimama pale lilipokusudiwa, akatazama. Aliona uani kwa jirani, kanga zimeanikwa na mwanamke ameketi akisukwa nywele. Alishuka akasema dirisha hilo halitakuwepo. Jirani huyo hakujenga kuta za ua wake ili binti wa mtu amchungulie kutoka juu. Badala yake waliweka bati mbili za kupitisha mwanga pale paani, na kidirisha kilichoinuliwa kuelekea mlimani. Aliyeketi haoni ila mbingu. Anayesimama asubuhi isiyo na mawingu hukiona kilele cha Mlima Kenya, wenye mita 5,199.

Siku ya pili tulikwenda katika makumbusho ya Meru, yaliyofunguliwa mwaka 1974 ndani ya jengo la mawe lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wakati wa Waingereza. Njiani tulisimuliwa mapokeo ya Wameru, kwamba wazee wao walitoka mahali paitwapo Mbwaa, kisiwani, wakavuka maji usiku kuukimbia utumwa wa watu wa nguo nyekundu. Wako wanahistoria wanaoipeleka Mbwaa hadi kisiwa cha Manda, jirani ya Lamu. Mama alitabasamu, akasema, "Basi baba mkwe wako, wifi, alikuja kuwafuata ndugu zake."

Usiku huo, tukiwa darini na kikombe cha chai ya maziwa, mama aliitoa ile karatasi. Shangazi hakuisoma. Alitusimulia habari ya mirathi yao. Mumewe alikuwa na ndugu wawili wa kiume na dada watatu, na wazazi wote wawili walikwisha kufariki. Kwa hesabu ya Suratun Nisaa nyumba ikawa mafungu tisa, kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Dada mmoja alisema kwa haya ya kidada, "Nimesamehe." Mumewe akamjibu kuwa hakubali msamaha wa mtu asiyejua anasamehe nini. Wakamleta mthamini, kila mtu akaijua bei ya fungu lake, na dada yule, alipoijua, akaomba haki yake, kwani alikuwa na watoto wa kusomesha. Wao wawili walinunua mafungu saba yaliyobaki kwa miaka minne, kutokana na duka lao la vitambaa. Kabla ya kumaliza, hawakung'oa hata msumari.

"Nyumba hii wageni huisifia dari," alisema shangazi. "Mimi huisifia kwa kuwa hakuna mtu ninayeogopa kukutana naye msibani."

Mama alikaa kimya kitambo. Kisha akatuuliza sisi, wala hakumuuliza shangazi, kama tunajua thamani ya nyumba ya babu. Hatukuijua. Naye pia hakuijua. Wala dada zake waliotia saini hawakuwa wameambiwa.

Tunaiandika habari hii kwa sababu tunazijua nyumba nyingi za Mji wa Kale, na za Lamu na Malindi, ambazo kina mama na kina shangazi wamezisamehe kabla ya kuambiwa bei. Nyumba ya zamani inaweza kuuzwa, inaweza kukarabatiwa, na yote mawili ni halali. Lililo wajibu ni hesabu itangulie fundi na dalali.

Asubuhi ya kuondoka, mama alimpigia kaka yake simu. Alimsalimia, akamwuliza hali ya watoto, kisha akamwambia kwa upole kuwa hakuikataa karatasi, ila anaomba aletwe mthamini, na dada wote waitwe. Upande wa pili palikuwa kimya kwa muda. Hatujui bado itakuwaje. Tunaomba dua zenu.

Wabillahi tawfiq.