Kikombe cha Pyuta na Ndege wa Mlimani

Jina la Sheffield si geni majumbani mwetu. Wengi tumeliona limepigwa chapa kwenye ubapa wa kisu cha mezani. Lakini mji huo wa kaskazini ya Uingereza, uliojengwa juu ya vilima na kando ya mito iliyokuwa ikizungusha mawe ya kunolea, haukujulikana kwa visu peke yake. Katika karakana zake hutengenezwa pia vyombo vya pyuta: vikombe vikubwa vya bia vyenye mikono, na chupa bapa za kutia mfukoni.

Pyuta ni mchanganyiko. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi ni bati, na zilizobaki ni antimoni na shaba. Msomaji asidhani ni yale mabati ya paa, ambayo kwa kweli ni chuma kilichopakwa zinki. Zamani watu walitia na risasi, nayo ni sumu. Siku hizi imeondolewa. Kwa hiyo anayenunua kikombe kikuukuu mnadani heri akipambe kabatini kuliko kukinywea.

Fundi huifunga sahani ya pyuta kwenye mashine ya kukereza, mbele ya kalibu, kisha huizungusha kwa kasi huku akiisukuma kwa fimbo ndefu mpaka ikumbatie kalibu na kuwa kikombe. Akisukuma kwa pupa, hupasuka. Halafu mkono hulehemiwa, na hapo ndipo ufundi unapopimwa: pyuta huyeyuka kabla ya kufikia nyuzi 300 za sentigredi, na moto ukikawia kidogo mahali pamoja, kazi yote huharibika. Mwisho hutiwa picha: ayala mwenye pembe za matawi, samaki aina ya trauti, au ndege wa mlimani wa ukoo wa kware. Hizo ndizo zawadi wapewazo wapenda kuwinda, kuvua na kutembea nyikani.

Ndege huyo ana kisa. Maskani yake ni milima ya Peak District, inayoanzia magharibi ya mji. Kwa miaka mingi mabwanyenye waliifunga milima hiyo, wakaiwekea walinzi wenye marungu, ili wao na wageni wao wawinde kwa siku chache za mwaka. Fundi wa Sheffield aliweza kumchonga ndege huyo juma zima; lakini Jumapili, siku yake pekee ya kuvuta hewa isiyo na moshi, akikanyaga maskani ya ndege huyo alikuwa mkosaji.

Jumapili tarehe 24 Aprili, 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester na baadhi wakitokea Sheffield, waliupanda mlima wa Kinder Scout bila ruhusa. Vijana 5 walifungwa jela, kati ya miezi 2 na 6. Hata hivyo mwaka 1951 Peak District ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza, na sheria ya mwaka 2000 ikawapa raia haki ya kutembea kwa miguu katika nyika za namna hiyo.

Leo mtu hupanda basi la abiria mjini, akashuka mlimani na chupa yake ya pyuta mfukoni. Mara ndege huruka kutoka vichakani, karibu na miguu yake. Wenyeji husema mlio wake ni kama wa mlinzi: rudi, rudi, rudi! Hakuna anayerudi.