Nje ya nchi ni wapi?

Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani ulioanza 1946, unakulipia kufanya utafiti nje ya nchi. Kwangu mimi niliyezaliwa Houston, nje ni Ifakara, kuchunguza mbu wa malaria, Anopheles funestus. Mama hakuelewa. "Sisi tulihangaika kutoka huko, wewe unaandika barua kuomba kurudi?"

Kurasa mbili za mpango wa utafiti hazikunisumbua. Kiswahili ndicho kilikuwa kazi, maana kuna kupimwa lugha, na changu ni cha jikoni jamani: kinajua mwiko na ungo, si sampuli wala usugu wa viuatilifu. Mama huyohuyo akanifundisha: viluwiluwi, madimbwi, mazalia ya mbu. Halafu akauliza, "Huko utafikia kwa nani? Ngoja nimpigie mamdogo wako."