Fungua Plagi Kwanza

Tanga

Mpwa wangu Saidi,

Sisi wazima, goti la mama yako bado linasumbua, ila sokoni anakwenda.

Nimesikia unataka kukopa ununue injini nyingine ya gari lako la abiria, hiyo IST, eti fundi kasema iliyomo imekufa kwa kuwa inamisi na kula mafuta. Je, alifungua plagi akakuonyesha?

Zifungue mwenyewe nyumbani, asubuhi injini ikiwa baridi. Toa koili nne, bolti zake namba 10. Puliza vumbi lisitumbukie ndani, ndipo uingize spana ya plagi namba 16. Zipange kwa mfuatano wa silinda. Ncha ya kijivu au kahawia hafifu ni njema. Masizi makavu meusi, anza na chujio la hewa. Nyeupe ya kuungua, injini inapata joto kupita kiasi. Ikilowa petroli moja tu, badilisha koili yake na ya jirani. Ubovu ukihamia kwa jirani, umenunua koili, hukukopa injini. Ukiona oili, hapo tutazungumza habari za ringi na sili za valvu.

Lakini usitumie nguvu. Silinda hedi hiyo ni aluminiamu. Kwenye gereji niliyofanyia kazi Korogwe, kijana mmoja alifungua plagi injini ikiwa ya moto, mwenye gari kamsimamia anamhimiza. Kuirudisha akaanza na spana badala ya vidole, ikaingia upande. Ilipokaza akaongeza nguvu. Hesi ikaliwa. Hedi ikashushwa, ikapelekwa kwa mkerezaji, gari la abiria wa Lushoto likalala, na kijana akakatwa mshahara hadi akaacha kazi. Mkono wangu haujawahi kula hesi, na baba yako anajua, ingawa alipouza Land Rover ya babu yako hata bei hakuniuliza.

Basi anza kwa vidole mpaka ikae. Ikigoma, rudi nyuma. Mpya yenye washa, ongeza nusu mzunguko tu. Mwanya wa plagi za kawaida za injini hiyo ni milimita 1.1. Za iridiamu usizisugue kwa msasa. Za bei ya kutupa usinunue. Na mkopo usitie saini kwanza. Riba haingoji abiria.

Zipige picha zote nne, utume kwa simu ya mama yako, nitazitazama jioni. Fundi akikuharakisha, mwambie mjomba hajaziona.

Mjomba wako