Machela Chini ya Mivinje ya Diani

Likizo za shule zinapowadia, jamaa nyingi za Mombasa huvuka kivuko cha Likoni na kushika njia ya kusini, kuelekea Tiwi na Diani. Pale mto Mwachema unapokutana na bahari pamesimama Msikiti wa Kongo, msikiti wa mawe wa karne nyingi uliozungukwa na mibuyu. Wengi hupenda kuswali adhuhuri hapo, kisha hushuka ufuoni kupumzika.

Siku hizi, pamoja na mikeka na mabakuli ya chakula, huonekana pia machela: kitanda cha kitambaa chepesi kitungikwacho baina ya miti miwili, apate kulala mama mjamzito, bibi au mtoto. Ni starehe ya halali. Hata hivyo, usalama wa mtu huwa umetegemea kamba na fundo, nasi tumeona ni wajibu kuusiana.

Tuanze na mti. Mnazi tuuepuke, kwani huangusha nazi na makuti bila kubisha hodi. Mbuyu ni mnene mno, hauzungukiki kwa mkanda mfupi. Mvinje hufaa, iwapo ni mzima na shina lake halipungui unene wa sentimita 20. Ule ambao mawimbi yamefukua mizizi yake, tuuache. Baina ya mti na mti, hatua tano hutosha.

Ama kamba, wazee wetu walisokota za makumbi, zikawafaa katika kazi nyingi. Lakini ni nzito, na kamba yoyote nyembamba hukata gome, ilhali chini ya gome ndimo kinamopita chakula cha mti. Bora ni mkanda bapa wa poliesta, wenye upana wa sentimita 2.5 au zaidi. Ni mwepesi, huenea katika mkoba wa mkononi. Nailoni hurefuka, hasa ikilowa, na aliyelala juu hujikuta mchangani.

Mkanda usinyooshwe kama uzi wa fundi mwashi. Ukiinama kwa nyuzi 30, mtu wa kilo 70 huutia kila upande mzigo wa kilo 70. Ukiinama kwa nyuzi 10 tu, mzigo wa kila upande hufika takriban kilo 200. Hapo ndipo mishono inapoachia.

Fundo nalo ni jepesi. Mkanda uzungushwe shina, upenyezwe katika kitanzi kilichoshonwa mwishoni mwake, uvutwe hadi ushike. Ncha ya pili ipite katika kitanzi cha machela, irudi na kuuzunguka mkanda wenyewe mara mbili. Mara ya mwisho tupenyeze mkunjo badala ya ncha, kama tufungavyo viatu. Fundo hilo hukazwa na uzito, na hufunguka kwa mvuto mmoja.

Machela isizidi kimo cha kiti, na chini yake pasiwe na jiwe. Mtu mzima aikalie kwanza polepole, ndipo mtoto alazwe. Tumefundishwa kumfunga ngamia, kisha kumtegemea Mola. Kumtegemea pasi na kufunga ni uzembe.

Tuondokapo, tuuache mti bila jeraha. Kivuli chake ni haki ya watakaokuja baada yetu.

Wabillahi tawfiq.