Njia fupi ya kontena, usiku mfupi wa baba

Mutuka ni kata ya Mji wa Babati. Kwa watoto wa dereva wa lori wanaokaa huku, ramani ya Tanzania ina swali moja: safari hii baba anapitia Dodoma au Arusha?

Si swali la kitoto. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Babati kupitia Morogoro na Dodoma ni takriban kilomita 700. Kupitia Segera, Moshi na Arusha ni zaidi ya 800. Zamani wengi walizunguka Arusha, maana kipande cha Dodoma hadi Babati kilikuwa vumbi, na masika tope tupu. Lami ilipozinduliwa mwaka 2018, hesabu za mafuta zikabadilika.

Lakini kufika ni nusu ya kazi. Kontena ni mali ya kampuni ya meli, na lazima lirudishwe ndani ya siku zilizotolewa. Zikipita, kila siku inalipiwa. Kulirudisha tupu nako ni kuchoma dizeli bure, kwa hiyo mpangaji wa safari anatafuta mzigo wa kurudi nao. Babati jibu ni mbaazi, ambazo soko lake kubwa ni India. Kampuni ya meli ikikubali, kontena lililoleta bidhaa linapakiwa magunia hapa hapa. Kwanza dereva anaingia ndani na kufungiwa milango: akiona mwanga, kuna tundu, na mbaazi zitalowa.

Sasa wazazi, tazameni hesabu ya pili. Mbaazi zikichelewa, dereva analala nyumbani siku tatu, anakagua madaftari ya watoto, anaziba banda la kuku. Tajiri wa lori ananung'unika, na ana haki. Mbaazi zikiwa tayari ghalani, lori linashusha asubuhi, linapakia jioni, linaondoka. Safari imepangwa vizuri kweli, na mtoto aliyekuwa shuleni hakumwona baba.

Ndiyo maana mama mmoja wa Mutuka ameacha kuwaahidi wanawe kuwa baba anakuja Alhamisi. Anawaambia tu lori limefika wapi: Morogoro, Dodoma, Kondoa. Wakisikia Kondoa, mkubwa anakwenda kuchota maji na mama anaongeza maharage kwenye sufuria.