Aiskrimu ya Tui Kisiwani Java

Treni ya Yogyakarta huondoka Jakarta katika kituo cha Gambir, hatua chache kutoka mnara wa taifa wenye mwali wa dhahabu kileleni, ikakata kisiwa cha Java kwa zaidi ya kilomita 500. Nilipata kiti cha dirishani. Yalipita mashamba ya mpunga, ikaja minazi, yakarudi mashamba ya mpunga, na kila baada ya muda mlima wa volkano ukajitokeza peke yake nyuma ya vijiji. Hiyo ilikuwa safari yangu ya kwanza kuvuka Bahari ya Hindi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, minazi nimeiona tangu nafungua macho, lakini ile ya Java niliitazama njia nzima bila kuchoka.

Nilikuwa nakwenda kumtembelea mdogo wangu anayesoma huko. Alinipokea stesheni, akanipandisha becak, baiskeli ya magurudumu matatu ambayo abiria hukaa mbele na dereva nyuma, kwa hiyo kila gari linalokuja unalipokea wewe kwanza. Tukapita barabara ya Malioboro, na maduka yake ya batiki na farasi wanaosubiri abiria kandokando ya njia. Joto lilikuwa la kwetu kabisa, lile la kabla ya mvua za masika.

Mchana mmoja, tukiwa tumekaa barazani, tukasikia upatu mdogo ukigongwa mtaani. Mdogo wangu akainuka hata kabla sijauliza. Mzee mmoja alikuwa anasukuma mkokoteni wa rangi mbili, na ndani yake limo kopo refu la chuma lililozama kwenye barafu. Alifunua mfuniko, akachota aiskrimu nyeupe kwa kijiko, akairundika juu ya slesi ya mkate, akaimiminia maziwa mazito ya kopo, akaikunja slesi na kunikabidhi mkononi. Hakuna sahani, hakuna karatasi.

Meno yalikutana na mkate kwanza, laini na wenye uvuguvugu wa mchana, halafu baridi, halafu tui. Sizungumzii ladha ya nazi ya kwenye pipi. Lilikuwa tui lenyewe, lile tunalopikia wali, na chumvi yake kwa mbali. Ulaini wa aiskrimu ya maziwa haumo. Mna chembechembe za barafu zinazosagika taratibu, kisha mafuta ya nazi yanabaki ulimini. Nimekula aiskrimu nyingi za dukani, na hii naiweka mbele ya zote. Wenyeji huiita es puter.

Mkate nao una kazi yake. Unapokea kile kinachoyeyuka, na mkono wako unabaki mkavu. Baadaye nilikuja kujua kwamba Wajava hawako peke yao: Singapore wauzaji hukata kipande cha aiskrimu kwa kisu na kukikunja ndani ya mkate wenye rangi, Ufilipino huitia katika mikate midogo ya mviringo, na huko Sicily watu huila asubuhi ndani ya mkate mtamu wa brioche. Sisi tuna mkate kila nyumba na hatujawahi kufikiria.

Mama mwenye nyumba anayopanga mdogo wangu, ambaye sote tulimwita Ibu, aliniona jinsi nilivyoifuatilia ile slesi. Akasema neno.

“Dada, Ibu anauliza, kwenu tui mnalipikia nini?”

“Mwambie kila kitu. Wali, maharage, samaki, mchicha, ndizi, mihogo, vibibi.”

“Anasema, na aiskrimu?”

“Hiyo hapana.”

Ibu alicheka sana, akatuagiza nazi za kesho yake.

Tulikwenda soko la Beringharjo asubuhi. Nazi unakuniwa hapo hapo kwa mashine huku unasubiri, na mbuzi haina nafasi. Tuliporudi, Ibu alizikamua kwa maji ya vuguvugu, akachuja kwa kitambaa mpaka likapatikana tui zito kama lita moja. Akalibandika motoni pamoja na gramu 200 za sukari, chumvi kidogo, na majani ya pandani aliyoyafunga fundo, yale yenye harufu ya wali mpya. Vijiko viwili vya wanga wa mahindi alivikoroga pembeni kwa maji kabla ya kuvitia. Hapo hakuuacha mwiko hata kidogo, maana tui likiachwa lichemke bila kukorogwa linakatika, na likishakatika aiskrimu itakuwa na mabonge ya mafuta. Lilipokuwa zito kiasi cha kushika mwiko akalitoa, akaliacha lipoe kabisa. Tui la moto linamaliza barafu bure.

Vyombo vilikuwa vitatu: ndoo ya plastiki, kopo la chuma lenye mfuniko unaobana, na mwiko wa mbao. Hakuna mashine, wala hakuna kitu cha kuchomeka kwenye umeme. Kopo liliwekwa katikati ya ndoo, na pembeni tukajaza barafu iliyopondwa na chumvi ya mawe, tabaka kwa tabaka, kwa kadiri ya kilo moja ya chumvi kwa kilo tatu za barafu. Barafu haikufika kwenye mfuniko. Ibu alisisitiza jambo hilo kwa kidole, kwani tone moja la maji yale ya chumvi likiingia ndani, kazi yote imeharibika.

Kisha akashika kopo kwa viganja viwili, akaanza kulizungusha, nusu kulia, nusu kushoto, bila haraka. Akaniachia nami. Viganja viliganda mpaka nikaomba kitambaa. Baada ya muda mfupi ukungu mweupe ulitanda kwenye chuma, na Ibu alipofunua, tui la katikati lilikuwa bado maji, ila ukutani mwa kopo lilikuwa limeshika utando mgumu. Akaubandua kwa mwiko, akausukuma katikati, akafunika. Tukazungusha tena. Hivyo hivyo, kufunua, kubandua, kufunika, kumwaga maji yaliyozidi na kuongeza barafu na chumvi. Muda wa saa moja ulipokaribia kutimia, mwiko ulisimama wenyewe.

Nilitaka kujua chumvi inafanya nini, kwa kuwa barafu tayari ni baridi. Jibu ni zuri mno. Barafu tupu inapoyeyuka hukaa kwenye nyuzi 0, na tui lenye sukari haligandi kwenye nyuzi 0. Ungezungusha mpaka jioni ukapata sharubati baridi tu. Chumvi huilazimisha barafu iyeyuke hata ikiwa chini ya hapo, na kuyeyuka kunahitaji joto. Joto hilo linanyonywa kutoka kwenye tui kupitia chuma. Mchanganyiko wa barafu na chumvi waweza kushuka mpaka karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Ndiyo sababu kopo liwe la chuma: plastiki hupitisha joto polepole mno. Kubandua nako huvunja chembe za barafu zisikue. Mwaka 1843 Nancy Johnson wa Marekani alipata hataza ya chombo chenye mkono wa kuzungushia, nacho kilitegemea barafu na chumvi. Ibu hana hata huo mkono.

Nusu ya aiskrimu tuliila pale pale. Nusu nyingine Ibu aliishindilia katika mkebe wa kuokea mkate aliotandika plastiki ndani, akaiweka kwenye friza ndogo ya juu ya friji mpaka usiku. Ikatoka bonge la mstatili, akalikata kwa kisu alichokichovya katika maji ya moto, vipande vikalingana kabisa na slesi. Mkate uwe wa siku ile ile, usichomwe, na ukoko usikatwe, kwa sababu ukoko ndio unaoshikilia.

Tanga vyote hivi vipo. Nazi zipo, chumvi inavunwa pwani ile ile, na barafu wanauziwa wavuvi kila alfajiri, nayo inafaa kabisa maadamu inabaki nje ya kopo. Asiye na friza wala umeme haachwi nyuma. Nilimweleza Ibu kwamba Muheza kuna mafenesi, akafurahi, akasema fenesi likatwe vipande vidogo na kutiwa mwishoni, tui likishaanza kushika, sivyo litazama chini. Parachichi lipondwe litiwe mwanzoni. Mdogo wangu aliyaandika yote kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, nami pembeni nikaongeza iliki, kwa sababu majani ya pandani sijui nitayapata wapi.