Ndumilakuwili Mwema

Katika maisha ya watu ndumilakuwili hulaumiwa. Hucheka na pande mbili zilizokosana, wala hakuna upande uwezao kumwamini. Katika maumbile, lakini, uhai wote watukuka juu ya viumbe wa tabia hiyo.

Mafuta na maji hayapatani. Kila apikaye mchuzi alijua hilo. Utando wa seli umefanywa kwa molekuli za mafuta zenye kichwa kipendacho maji na mikia iyakimbiayo. Zikiwa majini hujipanga safu mbili, mikia imefichwa ndani na vichwa vyaelekea nje. Mwaka 1925, katika Leiden, Uholanzi, Gorter na Grendel walipima mafuta ya chembe nyekundu za damu wakaona kuwa yatosha kuzifunika mara mbili. Unene wa ukuta huo ni kiasi cha nanometa 5 tu. Ukitoboka usizibwe, chumvi za nje huingia bila idhini, na seli hufa.

Binadamu naye ameunda molekuli ndefu, yaani polima, zenye tabia mbili kama hizo. Mojawapo ni poloksama 188. Sehemu yake ya katikati huelekea mafuta. Ncha zake mbili, zilizo kama asilimia 80 ya uzito wake, hupenda maji. Mwaka 1992 Raphael Lee na wenzake wa Chicago walionyesha kuwa polima hii ilipunguza mvujo katika misuli ya panya iliyotobolewa na umeme.

Mwenendo wake wastahili kutazamwa. Utando mzima umebanana, nayo haupenyi. Penye jeraha molekuli za mafuta zimeachana. Hapo ndipo iingiapo na kujaza nafasi. Majaribio yaliyofanywa kwa tabaka moja la mafuta juu ya maji yameonyesha kuwa molekuli hizo zikisongamana tena, polima husukumwa nje. Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu huingia penye haja, na haja ikiisha huaga.

Si wote walio hivyo. Sabuni ina tabia mbili pia, nayo huusambaratisha utando. Polima ya stairini na asidi ya maleiki huukata vipande vya duara vyenye upana wa nanometa 10 hivi. Kwa seli hayo ni maangamizi. Kwa mtaalamu ni faida, maana huipata protini pamoja na mafuta yaliyoizunguka. Basi tofauti ya mponyaji na mvunjaji haimo katika kuwa na tabia mbili, bali katika kipimo cha kila tabia na mahali ilipowekwa.

Wala mponyaji asisifiwe kupita kiasi. Poloksama 188 ilitumainiwa kuwafaa wagonjwa wa selimundu, maradhi yaliyotesa nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Matokeo ya jaribio la watu 388, yaliyochapishwa mwaka 2021, hayakuonyesha kuwa ilifupisha vipindi vya maumivu. Kuziba tundu la utando ni jambo moja. Kumwondolea mtu uchungu ni jambo jingine, na kati ya mawili hayo ipo safari ndefu. Elimu yenye adabu huyataja yote mawili, lililofaulu na lililoshindwa, kwa sauti ile ile.